Baiskeli ya shokapu mbili: ikague kabla ya kulipa

Baiskeli ya milimani ya daraja la juu ina shokapu mbili, moja mbele na nyingine katikati ya fremu. Ikiwa mpya huuzwa kwa maelfu ya dola, ndiyo maana ya mtumba ya bei ndogo hushawishi.

Tunashauri uanze na shokapu ya nyuma. Nyingi hutumia upepo badala ya springi. Kaa kwenye tandiko uone: ikiwa imejazwa sawasawa hubonyea robo hivi ya mwendo wake, au zaidi kidogo. Ikizama hadi mwisho, upepo umepungua au sili zimechoka. Mafuta yakionekana kwenye nguzo yake, hesabu gharama ya fundi. Pampu ya tairi haiwezi kuijaza. Presha yake hupita psi 100 kwa mbali, na ina pampu yake maalumu. Muulize muuzaji kama anayo.

Kisha shika tandiko uinue taratibu. Fremu ikicheza kabla gurudumu la nyuma halijanyanyuka, beringi za maungio zimelika, na hizo si zile za duka la kijijini.

Fremu ya kaboni ichunguze kwenye mwanga kutafuta nyufa, hasa chini karibu na pedali.

Na keria? Nyingi hazina pa kuifungia. Kama kazi yako ni kupeleka maziwa au gunia la mahindi sokoni, sisi tungekuambia ununue ile ya chuma.