Transista na Sauti Katika Bonde la Kilombero

Amplifaya, yaani chombo kinachokuza mawimbi dhaifu ya umeme hadi yaweze kuendesha spika, ilitegemea kwa muda mrefu valvu, ambazo ni mirija ya kioo inayopashwa moto na kudai volti kubwa, hivyo katika vijiji vya bonde la Kilombero, nchini Tanzania, visivyo na umeme haikuwa rahisi kuitumia. Transista, iliyobuniwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, ilifanya kazi hiyohiyo ndani ya kipande kigumu cha nusukipitishi, kwa betri chache tu, na ndiyo iliyomwezesha mkulima wa mpunga kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam akiwa shambani. Hayo yalikuwa mapinduzi ya kweli, makubwa kuliko yanavyokumbukwa.

Mwaka 1975 mitambo ya Kidatu, katika bonde hilo, ilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, lakini umeme huo ulisafirishwa hadi Dar es Salaam, ilhali nyumba nyingi za bonde hilohilo zilibaki na vibatari. Kwa hiyo anayeagiza amplifaya ya transista leo katika mji wa Ifakara, bondeni humo, akilinganisha wati zake na omu za spika, yaani ukinzani wake kwa umeme, anafanya uchaguzi ambao kizazi kilichotangulia hakikuwa nao.