Pondu, samaki na damu ya koko

Hapa Kisangani, koko akivunjika nyonga, wamama wanatwanga pondu: wanasema inarudisha damu. Samaki anatoka mtoni. Stanley alipopita maporomoko mwaka 1877, wenyeji walikuwa wavuvi tayari.

Nyungu hiyo ina akili. Nyonga ikivunjika damu inamwagika ndani, na upasuaji unaipunguza tena. Madini ya chuma ya majani yanaingia mwilini kwa shida. Samaki anayasaidia kuingia.

Vidonge je? Mwaka 2010 Parker, mpasuaji wa Uingereza, alitoa matokeo ya wagonjwa 300 waliopasuliwa nyonga: vidonge vya chuma havikuleta faida ya maana. Basi tusimpe koko kidonge tu na kumwacha kitandani. Tumlishe, tumsimamishe, atembee.