Siti-skani ya Nishati Mbili

Ukiambiwa unakwenda kupimwa tumbo kwa siti-skani ya nishati mbili, usidhani utapigwa picha mara mbili wala kumiminiwa mionzi maradufu. Mbili ni viwango vya nishati ya eksirei, mara nyingi kutoka kilovolti 80 na 140, na kiasi cha mionzi hugawanywa kati yake. Wapo wanaosema "nguvu mbili". Mimi nang'ang'ania nishati, maana nguvu humtia mgonjwa hofu kwamba mionzi imeongezwa ukali.

Wazo lenyewe si geni. Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyebuni siti-skani, aliligusia mwaka 1973, ila hospitali zilisubiri mashine za kulitekeleza hadi katikati ya miaka ya 2000.

Siti-skani ya kawaida hupima jinsi kitu kinavyozuia mionzi, basi. Vitu viwili visivyohusiana vyaweza kutokea na weupe ule ule. Badili nishati uone vinavyoachana: kalsiamu na ayodini hung'aa zaidi kwenye nishati ndogo, asidi ya yuriki hubadilika kidogo tu.

Mwenye vijiwe vya figo ndiye anayefaidi hapo. Kijiwe cha asidi ya yuriki chaweza kuyeyushwa kwa potasiamu sitreti, dawa inayopunguza uasidi wa mkojo. Cha kalsiamu hakiyeyuki hivyo. Kikiwa kikubwa huvunjwa kwa mawimbi au hutolewa kwa kifaa. Kompyuta hukipaka kila kijiwe rangi yake, ingawa kwa vijiwe vidogo vya milimita 2 au 3 rangi hiyo si ya kuaminiwa sana.

Ayodini, yale madini joto ya kwenye chumvi, huchomwa mshipani ili viungo vionekane vizuri. Mashine ikiitambua yaweza kuifuta, ikabaki picha pepe isiyo na ayodini. Tuseme figo imekutwa na uvimbe mweupe. Je, ni mfuko wa maji uliovujiwa na damu, au ni nyama? Ayodini ikionekana ndani yake, uvimbe huo unapokea damu, na saratani lazima ifikiriwe. Bila mbinu hii, mgonjwa mara nyingi angerudishwa kupigwa picha upya.

Kwenye nyonga kero ni chuma cha nyonga bandia, kinachotapanya michirizi kwenye picha hadi juu ya kibofu na tezi dume. Picha zikiundwa kwa nishati ya juu, michirizi hupungua, japo haiishi.