Delta ya Rufiji na Mabwawa ya Kamba

Juma hili tunapowakumbuka wanaofukuzwa kwa nguvu mahali wanapoishi, tuvuke hadi delta ya Rufiji, ambayo leo imo wilayani Kibiti. Mwaka 1997 serikali iliiruhusu kampuni ya African Fishing Company kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, mradi wa hekta 10,000 hivi, ingawa wataalamu wake wa mazingira walishauri vinginevyo. Maelfu ya wavuvi na wakulima wa mpunga wangehamishwa kutoka ardhi waliyoirithi bila hati. Si wote walioupinga mradi. Wengine walitamani ajira, nasi hatuwalaumu. Waliokataa walikutana vijijini, wakasema hapana mbele ya wakubwa, kisha wakafungua shauri Mahakama Kuu. Mabwawa hayakuchimbwa.