Minazi 32: Faraidhi na Ilimu ya Mpangilio katika Kwale

Kabla ya vishikwambi kuanza kugawiwa shule za msingi za Kenya mwaka 2016, na kabla ya somo la kuandika programu kuidhinishwa mwaka 2022, ilimu ya kulichambua tatizo vipande vipande, kuvipanga kwa taratibu na kuvifuata hatua kwa hatua hata jibu lipatikane, ilikuwa imekwisha kukaa zamani katika pwani hii ya kusini, nayo ilisomeshwa katika vyuo vya Kurani kwa jina la faraidhi, yaani hesabu ya mirathi ya Kiislamu.

Tuseme mtu wa Msambweni amefariki, akaacha mke, mwana mmoja wa kiume, mabinti wawili na shamba la minazi 32. Mwanafunzi hakuachiwa kukimbilia kugawa: kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo ije mirathi. Ikiwa minazi yote imesalia, mke, kwa kuwa pana watoto, hupata thumuni, yaani 4. Ile 28 hufanywa mafungu manne, mwana akatwaa mawili, 14, na kila binti moja, 7. Yote yakijumlishwa yakarudi 32, hesabu husadikiwa. Hata mafungu yakizidi mali, kama mume anayestahiki nusu anaporithi pamoja na dada wawili shakiki (wa baba na mama mmoja) wa marehemu wanaostahiki thuluthi mbili, kanuni ya aul huipandisha asili ya mas'ala, yaani idadi ya mafungu ya kugawia, kutoka 6 hadi 7, mume akapata 3 na dada 4, upungufu ukawaenea wote kwa kadiri ya haki zao. Wala si ajabu kwamba al-Khwarizmi wa Baghdad, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, aliitengea mirathi na wasia sehemu kubwa.

Lakini Wadigo, wenyeji wa pwani hii, kwa ada yao ya kale, walirithishana upande wa mama, mali ya mjomba ikamwendea mpwa. Na Uislamu ulipoenea miongoni mwao, minazi ile ile ikadaiwa na mpwa kwa ada na mwana kwa sharia, hata katika enzi ya Waingereza kesi zikawa nyingi. Kila upande ulihesabu sawasawa. Ugomvi ulikuwa juu ya kanuni ipi itangulie. Basi mwalimu wa teknolojia wa Diani, anapomfundisha mtoto kuipangia mashine amri zake, na amfunze pia kuuliza ni nani aliyeiweka kanuni na ni nani anayefaidika nayo, kwani mashine huitekeleza yoyote itakayopewa, ya haki na ya dhuluma.