Historia ya Kuchunguza Jinsi Seli za Kusikia Zinavyoundwa

Seli zinazogeuza sauti kuwa ujumbe wa neva zilielezwa kwa kina mwaka 1851. Mwaka huo Alfonso Corti, mwanaanatomia Mwitaliano aliyefanya kazi katika maabara ya Albert Kölliker mjini Würzburg, Ujerumani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa koklea, mfereji uliojiviringa ndani ya sikio la mamalia. Kwa msaada wa hadubini na rangi ya kaimini aliona safu za seli zilizopangwa kwa utaratibu wa ajabu, na kiungo kinachoundwa na seli hizo kikaja kuitwa kwa jina lake. Katika kila koklea ya binadamu kuna takribani seli 3,500 za ndani, katika safu moja, na 12,000 za nje, katika safu tatu. Juu ya kila moja pana kishungi cha vinywele, ndiyo maana huitwa seli nywele. Kati ya seli nywele na jirani yake pana seli tegemezi, na mpangilio mzima hufanana na ubao wa drafti. Watafiti waliofuata walitaka kujua jinsi seli zilizotoka katika tishu moja zinavyogawana kazi hizo mbili.

Kwanza ilibidi kujua seli hizo huzaliwa lini. Mwaka 1967 Robert Ruben, daktari wa masikio wa Marekani, alichapisha utafiti uliotumia thimidini yenye mionzi, kemikali inayobaki katika DNA ya seli inayojigawa. Alionyesha kuwa seli nyingi za kiungo cha Corti cha panya hujigawa kwa mara ya mwisho karibu na siku ya 14 ya mimba. Kuacha kujigawa huanzia kwenye kilele cha koklea na kushuka, ilhali kukomaa huanzia upande wa kitako na kupanda. Hatua hizo mbili, basi, hazifuati mwendo mmoja. Kwa mamalia, kilichoundwa tumboni ndicho kinachotumika maisha yote. Seli nywele ikiuawa na kelele, dawa au uzee, haipati mrithi.

Mwaka 1988 ilidhihirika kuwa si wanyama wote wenye mkosi huo. Timu mbili za Marekani, ya Jeffrey Corwin na Douglas Cotanche, na ya Brenda Ryals na Edwin Rubel, zilionyesha kuwa kware na vifaranga wa kuku walioharibiwa masikio kwa kelele huota seli nywele mpya.

Maelezo ya mgawanyo wa kazi yalitoka kwa nzi wa matunda. Tangu miaka ya 1910, maabara ya Thomas Hunt Morgan mjini New York ilikuwa ikichunguza nzi wenye pengo kwenye ukingo wa mbawa, kasoro iliyoipa jeni ya Notch jina lake. Baadaye ilijulikana kuwa protini ya Notch hukaa kwenye utando wa seli na kupokea ujumbe kutoka kwa jirani anayeigusa. Mwaka 1991 Julian Lewis wa Uingereza alipendekeza kuwa sikio hutumia njia hiyohiyo: seli inayotangulia kuwa seli nywele huwazuia jirani zake wasiifuate, nao huwa seli tegemezi.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1999. Panya walioondolewa Jagged2, mojawapo ya protini zinazopeleka ujumbe kwa Notch, walipata seli nywele kupita kiasi. Mwaka huohuo maabara ya Huda Zoghbi mjini Houston ilihusika katika kuonyesha kuwa panya wasio na jeni ya Atoh1, ndugu ya jeni ya nzi iitwayo atonal, hawaundi seli nywele kabisa. Kwa hiyo Atoh1 huamuru seli iwe ya kusikia, na Notch huizima amri hiyo kwa jirani.

Ishara nyingine zilifuata kujulikana. Mwaka 2003 ilionyeshwa kuwa Vangl2, jeni nyingine yenye ndugu yake katika nzi, huelekeza vishungi vya vinywele upande mmoja. Ikiharibika, vishungi hugeuka ovyo. Mwaka 2012 panya waliokosa FGF20, protini ya kuchochea ukuaji, walionekana kupungukiwa na seli za nje, huku za ndani zikibaki.

Maarifa hayo yamegeuzwa kuwa matumaini ya tiba. Mwaka 2006 ilithibitika kuwa seli tegemezi za panya wachanga zinaweza kujigawa na kugeuka seli nywele zikiwekwa maabarani, uwezo unaofifia upesi baada ya kuzaliwa. Mwaka 2013 watafiti walitumia dawa inayozuia Notch kwa panya wakubwa walioharibiwa masikio kwa kelele, na seli chache mpya zikatokea pamoja na nafuu ndogo ya kusikia. Dawa ya aina hiyo ilijaribiwa kwa watu barani Ulaya bila kufikia lengo kuu la jaribio. Kuondoa kizuizi kimoja hakutoshi katika sikio lililokomaa, hivyo utafiti sasa unaunganisha ishara kadhaa, Atoh1 ikiwa miongoni mwazo.