Njiti Akishakuwa Mtu Mzima

Kwa miaka mingi historia ya watoto njiti imeishia mlangoni mwa hospitali. Paris, miaka ya 1880, daktari Stéphane Tarnier aliwalaza katika masanduku ya joto yaliyofanana na yale ya kuangulia vifaranga. Marekani, Martin Couney aliwaonyesha kwa kiingilio pale Coney Island kuanzia 1903 hadi 1943, na fedha hizo zikalipia matunzo yao. Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, vifaa vilipokuwa haba, Edgar Rey Sanabria aliwaweka watoto ngozi kwa ngozi vifuani mwa mama zao. Kote huko ushindi ulikuwa mmoja: mtoto karudi nyumbani yu hai. Yaliyompata akiwa na miaka thelathini hayakuwa na wa kuyaandika.

Nililifuatilia jambo hili kwa sababu ya swali moja. Nikiwa naanza shahada ya uzamili, nilipimwa nikakutwa na presha ya kupanda. Daktari aliuliza kama wazazi wangu wanayo. Hawana. Akauliza tena, "Dada, wewe ulizaliwa miezi imetimia?"

Kwetu ni Piyaya, wilayani Ngorongoro, na wazee wetu huhesabu miaka kwa mvua na ukame. Nilizaliwa wakati wa mvua za El Niño, mwanzoni mwa 1998. Nilimpigia simu bibi yangu. "Koko, nilizaliwa mwezi wa ngapi wa mimba?" Akajibu bila kusita: mwezi wa nane ulikuwa haujatimia. Hapakuwa na mizani. Yeye na mama walipokezana kunibeba kifuani ndani ya shuka, wakaninywesha maziwa ya mama kwa kijiko.

Daktari aliuliza vile kwa sababu ya madaftari. Hertfordshire, Uingereza, tangu 1911 wakunga na wauguzi waliandika uzito wa kila mtoto alipozaliwa na alipotimiza mwaka. Miaka ya 1980 David Barker na wenzake waliyafufua madaftari hayo, wakaona kuwa wanaume waliokuwa wepesi zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Uzito mdogo si lazima uwe unjiti, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Uswidi ina daftari la taifa la uzazi tangu 1973, na humo umri wa mimba pia umo. Utafiti wake wa 2019 ulionyesha kuwa asilimia 55 ya waliozaliwa njiti walikuwa hai bila ugonjwa mkubwa wa kudumu walipokuwa na umri wa miaka 18 hadi 43. Kwa waliotimiza miezi ilikuwa asilimia 63. Kwa hiyo unjiti si hukumu, ila tofauti ipo. Figo ni mfano mmoja: vichujio vyake vingi hutengenezwa miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na anayewahi kuzaliwa anaweza kuishi na vichache. Presha huweza kuanzia hapo.

Hapa Tanzania, Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa njiti, alianzisha taasisi ya kuwasaidia watoto hao mwaka 2015. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za utafiti uliochapishwa 2021, ulioonyesha kuwa kumweka njiti kifuani mara tu anapozaliwa hupunguza vifo. Maana yake watu wazima waliozaliwa njiti wataongezeka, hata Piyaya.

Wengi wao hawatakuwa na daftari. Watakuwa na mama, shangazi na bibi wanaokumbuka mvua ipi na mwezi upi. Kumbukumbu hizo ni nyaraka, na wenye nazo wanazeeka. Kama hujui ulizaliwa mimba ikiwa na miezi mingapi, waulize sasa, andika jibu, kisha mpe daktari wako aliweke kwenye faili.